Henga ya nguo juu ya bati letu

Juzi umeme ulikatika mtaa mzima, wenzangu wanalia na mechi, mi natafuta mkeka wa kulalia nitazame nyota, kwa furaha kama mjinga. Hapa Dodoma shida yangu na nyota sio mawingu, Agosti hii mawingu yako wapi, shida ni taa ya ulinzi ya jirani inavyomulika uani kwetu utadhani uwanja wa mpira.

Darubini yangu ni ya macho mawili, 10x50, yaani inakuza mara 10 na vioo vya mbele vina upana wa milimita 50. Nzito kiasi, ukisimama nayo nyota zinacheza singeli, ndo maana nalala chali viwiko nimevibana mbavuni. Pembeni daftari la mpwa wangu, penseli, duara nimelichora kwa mfuniko wa kopo la Blue Band, na tochi nimeivisha karatasi nyekundu ya pipi maana macho yanataka kama nusu saa kuzoea giza, mwanga mweupe kidogo tu unaanza upya.

Nilikuwa nawinda henga. Kuna nyota zimejipanga kama henga ya nguo kabisa, kwa macho matupu ni kiwingu tu, Mwajemi al-Sufi, mtaalamu wa nyota wa zamani, alishakiandika mwaka 964. Unatazama kaskazini mida ya saa nne usiku, unaanzia nyota kali ya Altair kushuka kuelekea nyingine kali, Vega, ukifika theluthi ya njia hapo hapo simama.

Ikatokea! Nyota 6 zimenyooka mstari, 4 zimejikunja ndoano katikati. Nikachora mstari kwanza, nyota kali naweka nukta nene, hafifu nagusa tu karatasi. Nikajisifu weee, halafu nikafungua simu nilinganishe na picha za mtandaoni. Yangu imepinduka. Zao ndoano inaning'inia chini, yangu iko juu. Nikashika ufutio, na karibu nifute kila kitu, ndo nikashtuka kwamba picha nyingi zimewekwa kaskazini juu, na wenzetu wa Ulaya na Marekani henga wanaiona wakitazama kusini. Sisi tuko nyuzi kama 6 kusini mwa ikweta, tunatazama upande wa pili. Kwa hiyo henga yetu ndo imekaa kama ya kabatini, ya kwao iko miguu juu! Ufutio nikautupa huko.

Na wala hizo nyota hazina undugu, setilaiti ya Hipparcos ilipopima umbali wake ikaonekana kila moja iko kivyake, ni kama abiria wa daladala tu, ukiwaona kwa dirishani utasema ukoo mmoja.

Mpwa wangu akaja na blanketi lake, akaomba kuangalia, kimyaaa, kisha, "Anko, mbona hii ya pembeni hujaiweka?" Nikamwambia hakuna kitu hapo. Akang'ang'ania. Nikachukua darubini, nikabana pumzi, duh, ipo, kadogooo karibu na ncha ya mstari. Nikampa penseli aiweke mwenyewe, akaweka bonge la nukta kubwa kuliko zote kwenye ukurasa, na hapo hapo taa ya jirani ikawaka.