Pistoni ya mbele ilikufa mara mbili: nilivyosuka upya injini ya jetiski yangu

Injini hii nilikuwa nimeshaisuka mara moja. Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi ya kichwa mpya, silinda imechongwa vizuri. Ikawaka mara tu nilipobonyeza stata na nikaamini kazi imekwisha. Baada ya saa nne hivi za kutembea majini, nikiwa nimevuta resi kubwa, ikaishiwa nguvu ghafla kama kitu kimeishika kwa nyuma, ikatoa mlio wa kukwaruza, ikazima. Nikavutwa hadi ufukweni kwa kamba.

Nilipotoa plagi ya mbele nikaona punje za aluminiamu zilizoyeyuka, ndogo kama mtama, zimeng'ang'ania kwenye ncha yake. Silinda ileile iliyokufa mara ya kwanza. Hapo nikatambua kwamba nilikuwa nimezika maiti bila kuuliza kilichomuua.

Ni injini ya tustroki (pistoni ikipanda na kushuka mara moja, inawaka mara moja), silinda mbili, kabureta mbili za diaframu, yaani zenye utando mwembamba ndani, na pampu yake ya oili. Kabla ya kuifungua nilipima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa na pistoni, kwa kipimo cha psi: betri imejaa, plagi zote mbili nje na waya zake zimegusishwa kwenye chuma cha injini, resi imevutwa mpaka mwisho. Silinda ya nyuma ilisoma psi 150, ya mbele 80. Resi usipoivuta yote, hewa haiingii ya kutosha na geji inakudanganya. Najua watu waliofungua injini nzima kwa sababu hiyo tu. Mimi naangalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe. Ikizidi asilimia 10, kuna jambo.

Nikatoa kichwa, nikanyanyua bloku, nikaiweka pistoni ya mbele mezani chini ya taa. Usiioshe kwanza, wala usiipitishe msasa, kwa sababu pistoni iliyokufa ina maandishi na ukiisugua unayafuta. Ya kwangu ilikuwa imeyeyuka ukingo wa upande wa ekzosi kama mshumaa, ringi ya juu imeshikana na aluminiamu, mikwaruzo imeshuka hadi chini. Upande wa pili, hewa inakoingilia, ulikuwa safi, unang'aa kwa oili. Kwa hiyo oili ilikuwa inafika. Huo ni mchanganyiko mkavu: hewa nyingi, petroli kidogo, na moto ukala upande ambao siku zote ndio wenye joto kubwa. Ingekuwa imekwaruzika sehemu nne zinazotazamana, ningejilaumu kwa kuvuta resi injini ikiwa baridi, maana pistoni huvimba haraka kuliko silinda inayoizunguka.

Basi hewa ilikuwa inapenya wapi, na kwa nini silinda ya mbele peke yake?

Nilimpelekea pistoni ile mzee mmoja, fundi wa injini za boti. Aliigeuza mara mbili mkononi.

"Ulipoifunga, uliijaza upepo kwanza?"

"Upepo gani, mzee?"

"Nenda kaijaze. Usiguse kitu kingine mpaka uijaze."

Alichokuwa anakisema ni hiki. Kwenye tustroki, mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia chini ya pistoni, ndani ya kasha la kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), kabla ya kupanda juu. Kila silinda ina chumba chake kule chini. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta. Na kikivuta kupitia sili iliyochoka, yaani ule mpira unaoziba mahali shafti inapotokea nje ya kasha, kinavuta hewa tupu isiyopita kwenye kabureta. Hata ufanye marekebisho gani ya kabureta, hewa hiyo huioni.

Nikarudisha bloku, kichwa, plagi na ile pistoni mbovu kwa muda, nikakata vibati vya kuziba milango ya kuingizia na ya ekzosi, nikaweka vipande vya tyubu ya tairi katikati, nikaziba na kitundu cha mpira wa mapigo unaoendesha pampu ya petroli. Nikajaza upepo kwa pampu ya mkono hadi psi 7. Usizidishe 8, utazing'oa sili nzima. Injini iliyo salama hushikilia upepo huo dakika kadhaa, sindano ikisogea kidogo tu. Yangu ilishuka hadi sifuri kabla sijaweka pampu chini.

Nikafungua kifuniko cha mbele, nikatoa flaiwili (gurudumu zito lililo kwenye ncha ya shafti), nikapaka maji ya sabuni kwa brashi na kujaza tena. Povu likaanza kutoka nyuma ya shafti, upande wa chini wa sili ya mbele, mapovu madogo yanayofuatana kama ya samaki. Nikainama nikaangalia kwa tochi. Mdomo wa mpira ulikuwa umekakamaa, na mahali unapoigusa shafti palikuwa na kamstari ka kutu unakoweza kukasikia kwa ukucha. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama sentimita chache kutoka hapo, nikafunga kifuniko nikaondoka.

Sili hizo hukaa katikati ya vipande viwili vya kasha, kwa hiyo kuzibadilisha vizuri ni kulipasua kasha na kutoa kranki. Nilishukuru, kwa sababu kranki nayo ilikuwa inastahili kuangaliwa. Kranki ya aina hii ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa presi, na injini ikikamata ghafla vinaweza kujipinda bila jicho kuona. Niliilaza kwenye vitalu vya V, nikaweka geji ya saa (kipimo cha sindano kinachoonyesha shafti inavyoyumba) kila ncha, nikaizungusha taratibu. Kitabu cha injini kinaruhusu milimita 0.05, yangu ilicheza 0.03. Kisha nikashika kila konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, na kujaribu kuipandisha na kuishusha: hapo hapatakiwi mchezo hata kidogo, ila kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Beringi niliziosha, nikazipa oili nyepesi, nikazizungusha zikiwa karibu na sikio. Beringi iliyowahi kuingia maji ya chumvi inaunguruma kama ina mchanga. Hizi zilizunguka kimya. Kama hata moja ingenguruma, kranki yote ingeenda kwa fundi mwenye presi, kwa sababu vyuma vya beringi vikivunjika vinapanda juu na kula pistoni mpya.

Niling'arisha kamstari ka kutu kwa msasa laini sana wenye oili, nikizunguka shafti na kamwe si kwa urefu wake, mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Sili zote mpya, ya mbele na ya nyuma. Wakati wa kufunga kasha, hakikisha pini ndogo za beringi zimeingia kwenye vishimo vyake. Pini ikikaa nje na wewe ukakaza bolti, kasha linapasuka. Gundi ya gasketi ni tabaka jembamba tu. Inayozidi hukatika ndani na kuziba njia za oili.

Bloku nilimpelekea mchongaji pamoja na pistoni mpya, kwa sababu silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyopo mkononi. Ukimpa bloku peke yake ukamwambia ovasaizi ya milimita 0.5 (pistoni kubwa kuliko ya awali kwa kiasi hicho), unamwachia abahatishe. Nilimwomba alainishe kingo za milango yote baada ya kuchonga, kwani kingo kali hunasa ringi. Niliporudi nayo nyumbani niliiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikasugua kwa brashi, nikaosha tena, mpaka kitambaa cheupe kilipotoka cheupe. Mafuta pekee hayatoi unga wa jiwe la kusagia. Halafu oili mara moja, la sivyo kutu inaanza palepale.

Ringi niliziingiza moja moja ndani ya silinda tupu, nikazisawazisha kwa kusukuma na pistoni, nikapima mwanya wa ncha kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi: milimita 0.3, katikati ya 0.2 na 0.4 inayotakiwa. Mshale wa pistoni unatazama ekzosi. Ncha za ringi zinakumbatia pini ndogo zilizo kwenye mifereji ya pistoni. Beringi ndogo ya pini ya pistoni ni mpya, na sakilipu (vishikizo vya waya vinavyoizuia pini hiyo isitoke) ni mpya kila mara, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Ikichomoka moja, bloku imekwisha.

Kabureta hazikuwa sababu, lakini nilipozifungua niliona ajali nyingine iliyokuwa njiani. Chujio dogo ndani ya ile ya mbele lilikuwa limefunikwa nusu na ute wa kijani. Mipira ya petroli ya zamani ilikuwa inamomonyoka kwa ndani. Nikatupa mipira yote kuanzia kwenye tangi, swichi ya tangi nikaisafisha, nikaweka diaframu, sindano na viti vipya kwenye kabureta zote mbili. Hapo usibane matumizi. Mpira ukikakamaa unavuta hewa kwenye maungio na hauvuji petroli hata tone, kwa hiyo hutauona.

Pampu ya oili niliiacha. Wapo wanaoing'oa na kuchanganya oili kwenye tangi; mimi naona ni kifaa kizuri kilichosingiziwa makosa ya mipira yake. Nilibadilisha vile vipira vyembamba vinavyoonyesha oili ndani, nikatoa hewa mpaka mapovu yakaisha kabisa.

Vibamba vya ridi, vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi nyuma, havikuwa na nyufa wala kumeguka pembe, vikarudi. Uso wa kichwa niliupima kwa rula ya chuma na fila geji, umenyooka. Njia za maji nilizichokoa mchanga na chumvi. Raba ya kapulingi, kiungo cha injini na shafti ya impela (panga inayosukuma maji), ilikuwa imelika, ikabadilishwa, na injini nikaipanga na shafti hiyo kwa vibati chini ya mipira ya kuikalisha, maana isipokaa mstari mmoja inatesa sili ya nyuma na beringi. Kabla haijarudi ndani ya jetiski, niliijaza upepo tena. Psi 7, dakika kumi, sindano haikutikisika.

Nikiwa nchi kavu nawasha kwanza ndipo nafungua maji ya mpira, na nafunga maji kabla ya kuzima. Ukikosea mpangilio huo maji yanajaa kwenye ekzosi na kurudi kwenye silinda. Bila maji haizidi sekunde 15. Tangi la kwanza nililichanganya na oili kidogo ya 2T (oili ya tustroki) juu ya ile ya pampu, nikaenda kwa resi inayopanda na kushuka, bila kuivuta yote na bila kung'ang'ania mwendo mmoja. Baada ya hapo plagi zote mbili zilikuwa na rangi moja ya kahawia, nikakaza tena kichwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, injini ikiwa imepoa.

Sasa imefikisha saa 40. Juzi nilipima: 150 nyuma, 150 mbele. Nikatoa bomba la ekzosi nikachungulia kwa tochi kupitia mlango wa silinda ya mbele, na ile mistari ya kukatizana aliyoiacha mchongaji bado inaonekana yote, haina hata mkwaruzo mmoja juu yake.