Snow Bros. ya wawili: kabla hujalipia kaseti

Wanaotafuta Snow Bros. ya zamani, gemu ya kugandisha maadui kwa theluji, ile ya kaseti, karibu wote huanza na kaseti yenyewe. Kwa mtu wa Dodoma naona huo ni mwanzo mbaya. Gemu hii utamu wake ni watu wawili kwenye skrini moja, na kinachokwamisha wawili mara nyingi ni pedi ya pili, umeme na TV. Weka hivyo sawa, ndipo utoe hela ya kaseti.

Ujue kwanza unanunua ipi. Kampuni ya Toaplan ya Japani iliitoa mwaka 1990 kwa mashine za kuchezea kwa sarafu. Mwaka 1991 ikaja kwenye mashine za nyumbani za Nintendo: ya Marekani, yaani ya mashine iitwayo NES, ilitolewa na kampuni ya Capcom; ya Japani, yaani ya mashine iitwayo Famicom, na Toaplan wenyewe. Gemu ni moja lakini kaseti haziingii tundu moja. Ya Marekani ina pini 72, yaani 36 kila upande. Ya Kijapani ni ndogo na ina pini 60, yaani 30 kila upande. TV gemu nyingi za Kichina zilizoenea kwetu zina tundu la pini 60, kwa hiyo kaseti ya Marekani itataka adapta ya kutoka 72 kwenda 60. Adapta isiyobana ndiyo chanzo cha skrini ya kijivu au herufi zilizovurugika, na watu huishia kuilaumu kaseti.

Kaseti halisi ya Capcom, tupu bila boksi wala kitabu, huvuka dola 100 za Marekani. Ongeza usafiri, ushuru na VAT ya 18%, ndipo utaelewa kwa nini feki ni nyingi. Mimi sina ugomvi na nakala. Inacheza vizuri, na kama unataka kucheza tu, inatosha. Ubaya ni kulipia nakala kwa bei ya halisi.

Dawa yake ni kumtaka muuzaji apige picha ya ndani. Bisibisi ya kawaida haifungui kaseti ya NES. Inatakiwa biti maalumu ya mm 3.8. Akikuambia hana, mwache. Ubao halisi una chipu nyeusi za mstatili zenye miguu pande zote mbili, na jina la Nintendo limechapishwa kwenye ubao wenyewe. Ukiona tone jeusi la gundi ngumu mahali pa chipu, hiyo ni nakala. Angalia pia kama kuna waya mwembamba uliolehemewa kutoka mguu mmoja kwenda mwingine: hapo mtu kachukua ubao wa zamani wa gemu ya bei rahisi, kang'oa chipu na kupachika nyingine. Lebo isikushughulishe sana, siku hizi inachapishwa popote.

Umeme ndio unaoua mashine nyingi zinazotoka nje. Huku kwetu ni volti 230. Adapta ya umeme ya Kijapani imetengenezwa kwa volti 100 na ya Kimarekani kwa 120. Ukichomeka moja kwa moja ukutani, inaungua. Hatari nyingine haionekani kwa macho: adapta ya NES ya Marekani hutoa volti 9 za AC, wakati Famicom ya Japani inataka DC ya volti 10 yenye hasi katikati. Ncha zinaingiliana bila shida, lakini ukiweka adapta ya NES kwenye Famicom, umeimaliza. Soma maandishi na mchoro wa polariti (chanya na hasi) mgongoni mwa mashine na kwenye adapta, viwe vinakubaliana. Na kama mtaani kwenu umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, pitisha kila kitu kwenye TV guard.

Kwa TV, kichogo bado ni mfalme. Ukibonyeza kuruka, mtu anaruka papo hapo, wakati flati skrini huchakata picha kwanza na kuchelewa kidogo. Ukiwa na flati, washa hali ya gemu kwenye menyu. Flati nyingi zina tundu moja dogo la AV linalotaka waya wa kugawanya, na mpangilio wa nyaya hizo haufanani. Ukisikia mngurumo bila picha, hamisha waya wa njano kwenye tundu jekundu au jeupe kabla hujaenda kwa fundi. Famicom ya kwanza kabisa haina AV, inatoa mawimbi ya antena kwa masafa ya Japani, na TV za huku huhangaika kuyanasa. Tafuta ile ya 1993 yenye AV. TV gemu za mfumo wa picha wa PAL hutoa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, hivyo gemu na muziki huenda taratibu kidogo. Huo si ubovu.

Sasa pedi. Kwenye TV gemu, pedi ya pili mara nyingi haina Start wala Select. Kwa Snow Bros. haina neno, kwani wachezaji wawili huchaguliwa kwa pedi ya kwanza. Ijaribu kwa kushika kulia huku ukibonyeza B mfululizo. Kitufe kikigoma, fungua uone raba nyeusi chini yake: ipanguse kwa kitambaa kikavu, usiisugue kwa msasa, utaondoa kaboni. Kama inashika na kuachia ukitikisa waya, waya umekatika shingoni. Fundi redio ataukata hapo na kuulehemu upya.

Kiangazi cha Dodoma vumbi halina huruma. Funika tundu la kaseti kila unapomaliza. Usipulize kwa mdomo, unyevu wa mate hufanya pini zipate kutu. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, pangusa pini, acha zikauke kabisa.

Mkianza kucheza, gawaneni: mmoja juu, mmoja chini. Theluji nusu haitoshi, adui hujikung'uta. Mzungushieni mpaka awe donge kamili, kisha wa juu asukume, likishuka linabeba walio chini. Linaweza kukubeba na wewe, ruka utoke. Chupa nyekundu huongeza mwendo, ya bluu nguvu ya theluji, ya njano umbali wa kurusha. Nyekundu ya kwanza apewe msukumaji, na mkumbuke kuwa ukifa unazipoteza. Msikawie, kwani muda ukizidi hutokea kichwa cha boga kisichouawa.

Ghorofa za gemu ni 50, na kila ya 10 kuna bosi. Bosi hudhurika kwa madonge. Mmoja agandishe vitoto vinavyotoka kwake, mwenzake asimame tayari kusukuma, na asirushe theluji kabisa mpaka donge limejaa.