Pweza kanionja leo

Jamani nimetoka soko la Feri hapa Dar, bado mwili unanisisimka.

Mama mdogo alitaka pweza wa supu, muuzaji akakata mnyiri mmoja akautupa kwenye beseni, mi nikaugusa tu kwa kidole... ukanishika! Vile viduara vya chini vikanibana kimoja baada ya kingine, taratibuuu, kinaachia hiki kinashika kile, kama unanikagua. Na kichwa kiko kule mezani kimeshasafishwa kitambo.

Muuzaji anacheka, "huyo bado hajapewa taarifa dada".

Basi ndo zake. Pweza ana seli za neva kama milioni 500 na karibu theluthi mbili ziko kwenye minyiri, sio kwenye ubongo, kwa hiyo hata ukishakatwa bado unashika na kushtuka wenyewe kwa muda. Tena vile viduara vinaonja, yani ulikuwa unanionja mie!! Na nilikuwa nimetoka kula chipsi mayai.

Supu wamekunywa wao, mi nimeomba maharage.

Nyie mliozaliwa pwani, imeshawatokea hii? Na mkaendelea kula?? 😂