Tumempata bibi aliyefungwa kwa wizi

Ukoo wa mume wangu ni wa Tasmania, kile kisiwa cha Australia, na siku zote walisema wahenga wao walijilipia nauli wenyewe kutoka Uingereza kwenda kutafuta ardhi. Ukiuliza walikuja na meli gani, hakuna anayejua. Simlaumu mama mkwe, naye aliambiwa hivyo na mama yake, na aibu ya wafungwa waliopelekwa kule ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata kisiwa chenyewe, kilichokuwa kinaitwa Van Diemen's Land, 1856 wakakipa jina jipya.

Sasa kuanzia 1788 mpaka 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa kama 162,000, wengi kwa kesi za wizi, na wanawake walikuwa kama 25,000. Wetu yumo. Alikuwa mtumishi wa ndani huko Lancashire, Uingereza, akaiba nguo za tajiri wake, akapigwa miaka 7 ng'ambo.

Tulianza na vyeti vya karibuni tukawa tunarudi nyuma, na kilichofichua siri ni ndoa yake, maana mfungwa alitakiwa aombe ruhusa ya serikali kwanza na kwenye rejista ya maombi wanaandika na meli aliyokuja nayo. Ukishaipata meli kazi inakuwa nyepesi sana, kwa sababu jina kila karani aliliandika alivyolisikia, ila meli ni ileile. Rekodi za Tasmania zipo mtandaoni bure kabisa, na kama wako alihukumiwa kwenye mahakama ya Old Bailey, London, unaweza kusoma hadi maneno ya mashahidi.

Lakini jamani hiyo karatasi ya mwenendo wake! Futi 4 inchi 11, macho ya kijivu, kovu juu ya nyusi, mkononi kachorwa tatuu ya herufi mbili. Halafu makosa yake huko huko, katoka usiku bila ruhusa, kamjibu vibaya bosi aliyepangiwa kumfanyia kazi, kawekwa selo kwa mkate na maji, kapelekwa gereza la wanawake la Cascades pale Hobart akafue nguo. Wahenga wengine wote wa upande ule, wale wa heshima, hatujui hata mmoja alikuwa na sura gani, huyu mwizi ndiye tunayemjua hadi rangi ya macho.

Kinachoniuma ni kwamba alipofika waliandika na ndugu aliowaacha, kataja mama yake na wadogo zake. Kifungo kikaisha, akapewa cheti cha uhuru, ila nauli ya kurudi serikali haitoi, na mtumishi wa ndani angeitoa wapi? Akaolewa, akazaa, akazikwa kulekule.

Mama mkwe nilipomsomea aliniambia, "Mwanangu, sasa nitafutie na huyo mama yake." Kwa hiyo nimeingia kwenye sensa ya 1841, napita Lancashire parokia kwa parokia, na wenye jina lile ni wengi kweli.