Bagamoyo kwa daladala: anza na gari la kurudi

Ukishuka stendi ya Bagamoyo, swali la kwanza si Mji Mkongwe uko wapi. Muulize konda aliyekushusha gari la mwisho la kwenda stendi ya Makumbusho, Dar, huondoka saa ngapi. Kisha kamuulize na mama muuza chai wa pale pale stendi, kwa sababu konda atakutajia saa anayoitarajia na mama atakutajia saa anayoiona kila siku. Chukua iliyo mapema, punguza saa nzima, ndipo uanze kupanga siku. Nayaandika haya usiku huu kwa ajili ya yeyote anayesoma chuo hapa Dar, mwenye siku moja ya wazi na fedha ya kuhesabu. Nikiwasikiliza wenzangu bwenini, naona wanaipanga safari hii kwa umbali, na umbali ndio unaosumbua kidogo kuliko yote.

Ni kilomita 65 hivi kuelekea kaskazini. Kwa daladala tenga muda wa saa mbili, na zikifika tatu usishangae. Muda huo unaliwa na sehemu mbili: stendi, gari likisubiri kujaa, na kipande cha Mwenge hadi Tegeta, ambako foleni ilikuwepo tangu zamani na ujenzi wa njia ya mwendokasi umeizidisha. Ukishapita kiwanda cha saruji cha Wazo, halafu Boko na Bunju, umeuacha mkoa wa Dar es Salaam nyuma. Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo unavipita upesi, gari likisimama tu kushusha mama mwenye ndoo na kupakia mwingine mwenye kuku.

Magari ya Bagamoyo hupakia Makumbusho. Walioko vyuo vya Mlimani au Ardhi hushawishika kulisubiri Mwenge kwa kuwa ni karibu. Likifika Mwenge viti vimekwisha, na utasimama umeshika bomba hadi Tegeta, pengine hadi Bunju. Kurudi nyuma mpaka Makumbusho kunakugharimu nauli moja ya mjini, na kwa safari ya urefu huu naiona ni nauli iliyotumika vizuri kuliko soda. Ukifika, usiingie gari tupu kwa sababu tu mpiga debe amekushika mkono akisema "hili ndilo linaloondoka." Tazama lililobakiza viti vichache, na tazama waliokaa ndani wana mizigo au wamekaa tu kuonekana abiria. Kaa upande wa kushoto. Asubuhi ukielekea kaskazini jua liko kulia, na jioni ukirudi kusini jua linalozama liko kulia tena. Kushoto kwenda, kushoto kurudi.

Stendi ikiwa imepooza, kuna njia ya pili: panda gari lolote la Bunju, ambayo ni mengi zaidi, ushuke Bunju na udake la Bagamoyo linalopita. Utalipa nauli mara mbili na jumla inaweza kuzidi kidogo, lakini hungojei gari lijae. Njia hii siipendekezi kwa mwenye begi kubwa.

Nauli siitaji hapa kwa sababu hupanda na kushuka kwa maelekezo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na andiko linachakaa upesi. Muulize abiria aliyekwisha kukaa, hasa mtu mzima: "Shikamoo bibi, Bagamoyo sasa hivi ni shilingi ngapi?" Bibi hana sababu ya kukuongezea mia tano. Beba noti za 1,000 na 2,000 pamoja na sarafu, maana noti ya 10,000 asubuhi konda huiahirisha kwa "chenji baadaye, mwanafunzi," na baadaye hiyo ukisinzia hufika Kiromo bila wewe kuikumbuka. Na kwa kuwa tumeitwa wanafunzi, tusidanganyane: nauli ya mwanafunzi ni ya wenye sare za shule. Kitambulisho cha chuo hakikusaidii kitu mbele ya konda. Kibebe hata hivyo, kitakufaa kwenye malango ya kihistoria, ambako kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na huenda ukaulizwa wewe ni wa wapi. Uwe na salio kwenye simu pia, kwa kuwa maeneo ya serikali hulipisha kwa namba ya malipo zaidi kuliko noti mkononi. Makumbusho ya misheni ya zamani ya Bagamoyo ni ya Kanisa Katoliki, kwa hiyo malipo yake ni mbali na hayo.

Siku ipi? Wengi hukimbilia Jumapili. Mimi nasema siku ya kazi isiyo na kipindi, kama ratiba inakuruhusu. Asubuhi foleni yote inatoka Bunju na Tegeta kuingia mjini, wewe unakwenda kinyume nayo, na jioni wao wanarudi makwao huku wewe ukiingia. Jumapili jioni hesabu hiyo inapinduka: waliokwenda ufukweni na harusini wanarudi wote kwa pamoja, na magari yanatoka Bagamoyo yamejaa tangu stendi. Ijumaa nayo kumbuka kwamba mchana shughuli nyingi husimama kwa ajili ya sala, basi chakula na bajaji vitafute kabla ya saa 6 na nusu.

Stendi ya Bagamoyo iko Magomeni (si ile ya Dar), sehemu ya mji inayoishi maisha yake ya sasa: soko, maduka ya simu, vibanda vya chipsi. Mji wa mawe uko upande wa bahari na kwa miguu unafikika. Kosa la kupanga linalowapata wengi ni kutaka kuona Kaole na misheni siku moja bila kutazama ramani. Misheni iko kaskazini ya mji wa kale, kama kilomita mbili. Magofu ya Kaole yako kusini, kama kilomita tano. Mwenye siku moja na miguu yake achague upande mmoja, katikati atapita tu.

Ningechagua kwa niaba yako, ningesema misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na kwenye mnara wa kanisa lao la zamani ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulipolazwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Alifariki Mei 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba kwa miguu hadi pwani hii, miezi tisa hivi. Ukisimama pale baada ya kulalamika muda wa saa tatu juu ya joto la basi dogo la Coaster, malalamiko yanakuishia mdomoni. Mji huu tangu zamani haukwenda kwa saa ya mtu mmoja: jahazi lilingoja upepo, msafara ulingoja wapagazi, pembe za ndovu zilingoja jahazi. Kungoja gari lijae ni desturi ya mahali, nami naichukua hivyo.

Kurudi katikati, pita ufukweni kwenye soko la samaki. Mchana kuna samaki wa kukaanga na pweza, uliza bei kabla hajakatwa. Karibu hapo ni forodha ya Wajerumani, na ukipanda juu kidogo unakuta Mtaa wa India na milango yake ya kuchonga, kisha Boma la mwaka 1897. Boma hilo linanifikirisha kila ninapolitazama, kwa sababu makao makuu ya Wajerumani yalikuwa yameshahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Maji ya hapa ni mafupi, meli kubwa hazikuweza kusogea, ilhali Dar ilikuwa na bandari yenye kina. Jiji lenye foleni uliyoihangaikia asubuhi lilikua kwa sababu ya kina cha maji ambacho Bagamoyo haikuwa nacho. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko upande wa kusini, chuo cha sanaa tangu 1981. Onyesho halipo kila siku, ila ngoma za mazoezi husikika bila kiingilio.

Ukichagua Kaole, patana na bajaji au bodaboda kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kukungoja, na ulipe nusu ya pili mkisharudi mjini. Kwenda si shida. Shida ni kutoka, kwa kuwa mlangoni hakuna kijiwe cha uhakika. Utaona msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mikoko mahali ambapo zamani vyombo vilitia nanga. Usikate njia ya ufukweni kutoka Kaole hadi mjini ukiwa peke yako na simu mkononi. Wenyeji wenyewe hukukataza, na wanajua wanachokisema.

Sasa la kurudi. Kuwa stendi saa 10 alasiri. Ukichelewa hadi saa 12 jioni, magari yanapungua na mchezo wa kukatisha ruti unaanza: gari limeandikwa Makumbusho, likifika Bunju au Tegeta konda anatangaza mwisho wa safari, kwa sababu mbele kuna foleni na abiria wa kurudi nalo ni wachache. Ndiyo maana nauli usiitoe stendi. Itoe gari likishatembea, na kabla ya kuitoa uliza kwa sauti, abiria wengine wasikie, "Konda, tunafika Makumbusho?" Akikatisha, dai sehemu ya nauli hapo hapo huku mkiwa wengi, maana mkitawanyika kila mmoja atabaki na hasira yake. Kosa hilo linaadhibiwa, na namba ya gari ubavuni ndiyo trafiki anayoihitaji. Toka Bunju au Tegeta magari ya mjini hupatikana hadi usiku, kwa hiyo hujakwama, umeongezewa nauli tu. Iweke pembeni tangu asubuhi, kwenye mfuko usioutumia.

Gari la mwisho likikuacha kabisa, usikubali bodaboda ya usiku hadi Bunju. Magomeni kuna nyumba za wageni za bei ndogo karibu na stendi. Gari la kwanza huondoka alfajiri, na kipindi cha saa 2 utakikosa, cha saa 4 utakiwahi kama Tegeta haijafunga.