Darubini ya shabaha: usikimbilie namba kubwa

Watu wengi wakitaka darubini ya macho mawili ya kuangalia matundu ya risasi kwenye karatasi ya shabaha swali lao la kwanza ni "inavuta mara ngapi?" Jamani, anza na umbali wako kutoka kwenye karatasi, halafu ujiulize mkono wako unatulia kiasi gani.

Tundu la risasi ya .22, ile ndogo ya mazoezi, ni kama milimita 5.6 tu. Kwa mita 50, 10x42 (inavuta mara 10, lenzi ya mbele milimita 42) yenye kioo kizuri inakuonyesha, ila egemeza viwiko mezani, maana ukiishika hewani inavuta karatasi mara kumi na mtetemo wako nao mara kumi, tundu linachezacheza mpaka mnaanza kubishana kama ni alama nane au tisa. Zile za bei chee zilizoandikwa 30x50 achana nazo kabisa. Gawa 50 kwa 30 unapata kama 1.7, hiyo ndo upana kwa milimita wa mwanga unaofika jichoni, kwa hiyo picha ina giza na bado inatetemeka. 10x42 inakupa 4.2.

Sasa hizi za kutuliza picha, zinazoandikwa IS, mi nazipenda kweli. Chukua Canon 12x36 IS, unabonyeza kitufe, prizimu za ndani (vioo vinavyopinda mwanga) zinajirekebisha zinameza mtetemo, picha inatulia tuli hata ukiwa umesimama. Inakula betri mbili za AA za kawaida na zikiisha unaendelea kuitumia kama darubini nyingine yoyote. Kwa vumbi letu la Dodoma ningechagua 10x42L IS, hiyo imezibwa haiingii maji, ila ina zaidi ya kilo moja na bei yake imesimama haswa. Fujinon ya 14x40 inasahihisha mtetemo mpaka digrii 5, ni nzuri sana kwa mtu aliye kwenye boti, wewe uliyesimama nchi kavu huku Ihumwa nguvu yote hiyo ya nini?

Lakini kuna kitu kitufe hakitibu, mazigazi. Septemba, Oktoba, ikifika saa tano asubuhi ardhi imeshachemka, hewa juu ya nyasi kavu inapepea, na hapo kinachotembea ni hewa yenyewe siyo mkono wako, ukizidisha ukuzaji ndo unazidi kuyaona. Kwa hiyo mita 100 na kuendelea kama unatafuta matundu ya .22, nunua teleskopu ya shabaha na stendi ya miguu mitatu, na piga mapema, saa moja saa mbili hivi. Mazigazi yenyewe yana faida lakini, fokasi katikati ya njia kabla ya karatasi utaona yanaelekea upande gani, upepo ndo huo.

Ukienda kununua usiijaribu ndani ya duka. Toka nje, soma pleti namba ya bodaboda iliyopaki mbali, na kama unavaa miwani ivae hapohapo, ukiona duara zima halijai tafuta nyingine yenye eye relief (umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi ukiwa bado unaona duara zima) ya milimita 15 au zaidi. Used ielekeze kwenye mwanga uangalie fangasi kwenye lenzi, halafu tazama nguzo iliyo mbali, ukiona nguzo mbili, prizimu zimehama, hiyo rudisha. Na vumbi puliza kwanza, usifute na shati.