Siku moja kwenye meza ya takwimu, baada ya masharti ya korona kulegezwa

Saa 12 asubuhi. Majibu ya maabara ya usiku kucha yameshaingia. Wagonjwa wapya wameongezeka tena, na simu imejaa swali lile lile: kirusi kimerudi? Hakijarudi, kwa sababu hakikuondoka. Kilikuwa kinatembea polepole kwa kuwa watu hawakuwa wakikutana.

Saa 2. Tunapitia fomu. Kila fomu ina tarehe mbili: siku dalili zilipoanza na siku majibu yalipotoka. Habari hutangaza ya pili. Mimi huchora chati kwa ya kwanza. Kwa Omicron, moja ya aina za kirusi cha korona, dalili huja takriban siku tatu baada ya kuambukizwa. Ongeza siku za mtu kujiambia ni mafua tu, za kusubiri kipimo, kisha za maabara. Kwa hiyo namba ya leo inasimulia mikusanyiko ya wiki iliyopita au ya kabla yake. Hapo ndipo tunapojidanganya: masharti huondolewa takwimu zikiwa nzuri, wakati uzuri huo umeletwa na masharti yenyewe.

Saa 4. Zamu ya simu. Napokewa na mama mmoja, sauti imekauka. Nampa shikamoo, namuuliza alikutana na nani. "Mwanangu, kwani si walisema imeisha?" Tunaanza kuhesabu pamoja. Ofisi yao imefunguliwa, wanakaa chumba kimoja madirisha yamefungwa. Mjukuu amerudi shule. Jumamosi walikwenda kumpongeza jamaa aliyehitimu, wakakaa ndani hadi usiku. Barakoa aliivua siku ile ile ya tangazo. Serikali ilifungua mlango mmoja, yeye akafungua yote. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa amewakosa watu wake kwa muda mrefu.

Saa 6. Mkuu anataka hesabu ya kumpelekea waziri. Chukua wagonjwa 1,000. Ikiwa kila kumi wanaambukiza tisa, baada ya mizunguko mitano ya kuambukizana, mzunguko mpya una watu kama 590. Wakiambukiza kumi na tatu, una zaidi ya 3,700. Mzunguko mmoja ukichukua siku nne, hizo ni siku 20 tu. Kutoka tisa hadi kumi na tatu hakuhitaji watu kukosa adabu. Wanakutana zaidi kidogo, kila mtu kwa sababu yake, basi.

Saa 8. "Na kwa wenzetu ilikuwaje?" mkuu anauliza. Namtajia Uholanzi: Juni 26, 2021 kumbi za disko zilifunguliwa, na kijana aliweza kuchanjwa chanjo ya Janssen leo na kuingia kucheza leo, kabla kinga haijajijenga. Wagonjwa kwa siku wakapanda kutoka chini ya 1,000 hadi zaidi ya 10,000, na kufikia Julai 10 kumbi zilifungwa tena. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, aliomba radhi hadharani. Lakini namtajia pia Uingereza, iliyoondoa masharti mengi Julai 19, 2021, na wagonjwa wakashuka kwanza. Sitaki aondoke akidhani tarehe ya tangazo ndiyo inayoamua kila kitu. Kinga iliyopo, aina ya kirusi, likizo za shule, vyote vina uzito. China ilipolegeza Desemba 7, 2022, Omicron ilikuta umma mkubwa ambao haukuwa umewahi kuugua, na wazee wengi wasio na dozi ya nyongeza. Likawa wimbi kubwa mno.

Saa 10. Vipimo vyenyewe vimepungua, maana havilazimishwi tena. Naacha kuangalia idadi tupu. Naangalia asilimia ya waliopimwa wanaokutwa na virusi, sampuli za maji taka, na vitanda. Wanaolazwa hufuata wagonjwa wapya kwa wiki moja au mbili, kwa hiyo wodi zenye nafasi leo hazinipi faraja.

Saa 12 jioni. Taarifa imekamilika. Siombi kufungia watu tena. Shule zimeumia vya kutosha. Naomba wazee wapelekewe dozi ya nyongeza nyumbani wiki hii, madirisha ya madarasa na ofisi yafunguliwe, barakoa zirudi hospitalini na kwenye mabasi, na wodi ziongezewe wauguzi kabla wagonjwa hawajafika. Mkuu amesaini. Waziri anaipokea kesho saa 3.